Jicho la Kamati

Tulichanga miezi saba, kopo likilala chini ya kitanda changu.
Hindi ya upande wetu yote ilitoa:
Hiribae noti, Shekuwe sarafu,
Nyevu hakuwa na kitu, akaleta kuku.
Nikamuuza kuku, nikaandika daftarini: Nyevu, mia sita.

Nyati walikuwa wametulia mahindi misimu miwili,
na tochi haisaidii: tochi humwonyesha nyati ulipo
kabla haijakuonyesha alipo.

Nikashuka Malindi, barua ya chifu ndani ya nailoni.
Muuzaji akapanga darubini tatu juu ya kioo, akaanza kuzisifu.
"Zima taa," nikamwambia. Akacheka.
"Zima taa, mwanangu. Mchana kila mtu anaona."

Tukaingia stoo, tukafunga mlango.
Ya kwanza, nyepesi, imepambwa kama bibi harusi,
ikaomba nyota. Mle stoo nyota zitoke wapi?
Ya pili ilisoma joto: nikamwona paka juu ya magunia
aking'aa kama kaa la moto;
bei yake ng'ombe watatu, na wavu wa dirisha haikuuona.
Ya tatu nzito, sura mbaya, mpira wake umechubuka,
ikanisomea hadi maandishi ya maboksi.
Inakula betri nne, zile zile za redio,
zile ambazo kwa Twalib pale njia panda hazikosekani.
Kitu kinachoagiza chakula chake Mombasa
usikitegemee saa nane za usiku.

Nikaitia kwenye ndoo ya maji, nikahesabu hadi mia.
Nikaiangusha kutoka kiunoni. Muuzaji akafumba macho.
Nikawasha. Ikawaka.
"Hii," nikasema. "Na stakabadhi."

Pale Gamba askari aliichungulia, akaisoma barua mara mbili.
"Mama, mnajiandaa na vita?"
"Na njaa."

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Mwezi hakuna.
Nikapandisha jicho,
shamba likatoka gizani, kijani, kila jani na ncha yake,
na katikati ya mistari ya Hiribae
kivuli kinavunja mahindi, taratibu,
kinayalaza kwenye leso kama kinalaza mtoto.
Hakikuwa na pembe.
Nikakaza lenzi.
Nyevu.

Waliosema usiku ni sitara hawakuwa na betri.
Nilimuuliza muuzaji maji, umbali, uzito;
sikumuuliza mtu akiona asichokitafuta
abonyeze wapi.

Nikaishusha. Giza likarudi mahali pake.
Nikakohoa, kikohozi kirefu cha mtu anayekuja kutoka mbali,
nikahesabu hadi mia, kama kwenye ndoo.

Asubuhi nikajaza daftari:
Nyati, hakuna.
Betri, bado.
Darubini inaona vizuri. Ishikwe na mtu mzima.