Soketi Moja, Nyalenda

Nyumba yetu ina soketi moja,
nyuma ya kabati, ubavu umeungua kahawia
tangu enzi za mpangaji aliyetutangulia.
Hapo ndipo Ogutu hufunga pikipiki yake usiku
kama watu wa Nyando wafungavyo ng'ombe kigingini:
kamba fupi, fundo moja.

Inalala ndani. Nje kuna wenyewe wengine.
Gurudumu la mbele liko chini ya meza,
la nyuma linagusa mguu wa kitanda,
na Akeyo akiamka kwenda haja
hushika usukani gizani asijigonge.

Mita iko kwa Mama Nyangweso.
Kila asubuhi anasoma namba kwa sauti
kama anayeita wadaiwa wa karo:
"Juzi kumi na mbili. Jana tisa. Leo sita.
Hiyo nyumba yenu inakula nini?"
Namlipa yuniti tatu, na mia ya kumnyamazisha.
Hamsini ananirudishia. Mama ana aibu zake.

Pasi haipati nafasi.
Waya ukibebeshwa vyote viwili unapata homa,
na Wesonga fundi ameshanionya:
"Uguse. Mkono ukikataa, chomoa."
Basi sare ya Akeyo hulala chini ya godoro letu,
na sisi ndio pasi.

Zamani alikuja na mlio.
Nilimjua tangu kona ya Pand Pieri,
nikasonga ugali, ukaiva naye mlangoni.
Sasa anafika kimya kama paka wa jirani.
Mara ya kwanza nilimrushia mwiko.

Jana stima ilipotea saa saba.
Nikaamka kwa sababu ile taa ya kijani
inayopepesa ukutani usiku kucha
ilikuwa imefumba.
Yeye pia alikuwa macho.
Akahesabu kwa kidole mgongoni mwangu:
arobaini na moja. Kupanda Riat, tisa;
kushuka inarudisha moja,
ukishuka bila tamaa, mbili.
Mwalimu wa Mamboleo, tatu. Kibuye na magunia, tano.
"Itanifikisha saa nne."
"Na saa nne?"
"Nitarudi nikuone."

Ilirudi kabla ya jogoo. Tik,
na ukuta ukawa kijani.
Hakuna aliyesema kitu.
Nilinyoosha mkono nyuma ya kabati,
nikaushika waya, nikangoja.
Vuguvugu.
Mkono haukukataa.