Kona ya Nne

Baba yako anataka injini mpya.
Amesimama kando ya uzio, mikono mifukoni,
anaipigia hesabu kama mtu aliyekwisha kuikopa.
Mimi, Nevio, nimempokonya saa ya kuhesabia,
nimeitia kwenye ovaroli pamoja na spana namba kumi.
Injini haina kosa. Niliifungua Jumanne usiku
juu ya meza ya jikoni; mama yako alininunia mpaka Alhamisi.

Njoo. Leo tunaanza kwa miguu.

Vua kofia. Ukungu wa mto Po bado umelalia mahindi,
na lami ina unyevu, kama mgongo wa chura.
Usiniambie unaijua njia.
Unaijua kwa makalio tu, hujaijua kwa macho.

Hapa, pameungua kama chini ya sufuria,
ndipo wavulana wakubwa wanapokanyaga breki.
Pale nyuma, hatua tisa, ndipo unapokanyaga wewe,
kidogo, kidogo, kidogo tena,
ukiiomba radhi mpaka ndani ya kona.
Breki haibembelezwi.
Gari likiwa limenyooka, ikanyage mara moja
kama unayepasua jozi kwa kisigino,
kisha iachie taratibu,
kama unayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.
Ukishaiachia, usiirudie.

Inama uone. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja,
magurudumu mawili yamefungwa pamoja kama ndugu waliorithi shamba moja:
huyu akitaka kukimbia, yule anamvuta.
Ili gari lipinde, mmoja lazima anyanyuke kidogo,
aondoke mezani,
kisha arudi chini kona inapofunguka.
(Mimi na baba yako tunaijua habari hiyo.)
Usukani kazi yake ni kumnyanyua, basi.
Nionyeshe viganja.
Malengelenge haya ya nini? Ulikuwa unamnyonga bata bukini?

Nachora msalaba wa chaki kwenye ukingo mwekundu,
si katikati ya kona; mbele zaidi,
pale moyo unapokwambia umechelewa.
Gusa hapo. Ukigusa mapema
utafurahi sekunde moja, kisha utapokewa na nyasi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
mtaka mbio za mnyooko sharti avumilie konani.

Na macho, Nevio. Macho.
Unaitazama pua ya gari kama aliyeangusha sarafu.
Gari ni mnyama mtiifu, huenda yanakokwenda macho:
uliutazama ukuta wa matairi Jumapili,
na ukuta ukakupata.
Inua kidevu. Ukiwa hapa, tayari uwe kule.

Mizunguko minne ya mwanzo
ulikuwa mzito kuliko jana.
Gualtiero alinitazama kama niliyemuuzia punda kiziwi.
Wa tano ulikwenda ukivuka chaki, ukazunguka kama pia,
ukatazama ulikotoka, ukaniinulia mkono.
Sikukuinulia wangu. Endelea.

Wa sita, sauti ikabadilika.
Breki, fupi.
Halafu kimya, kimya kidogo cha mtu anayesubiri
na hana hofu ya kusubiri,
halafu injini ile ile, ile mbovu ya baba yako,
ikavuta moja kwa moja mpaka mwisho wa mnyooko
bila kukohoa.
Nilikuwa nimeishika saa. Nilisahau kuibonyeza.
Wa saba hivyo hivyo. Wa nane, gurudumu likanyanyuka
unene wa kidole, nikaona mwanga chini yake.

Ulipoingia ulikuwa umelowa nywele zote,
na swali la baba yako lilikufikia kabla hujazima:
Ngapi? Sekunde ngapi?
Wewe ulinitazama mimi.
"Shangazi, baada ya kona ya nne kuna banda la ng'ombe.
Lina mlango wa buluu."

Lipo tangu kabla hujazaliwa.
Umelipita, kwa hesabu yangu, mara mia tatu.

"Ngapi?" akauliza tena Gualtiero.
Nikamrudishia saa yake, ikisoma sufuri.
Buluu, nikamwambia. Mlango ni wa buluu.