Lehemu

Aliponiita nilikwenda na spana na tepu nyeupe,
nikidhani koki ya jikoni imerudia ubishi wake.
"Leo si koki," akasema Jamnaben,
akanipandisha ngazi, pumzi zikimkatika kila kipago,
hadi chumba cha juu, Kiponda,
penye sanamu, ubani, na kalenda ya duka la misumari
la mwaka ambao duka lenyewe lilifungwa.

Akatoa lota.
Kijungu cha shaba, hakizidi ngumi yangu,
shingo imezibwa kwa risasi,
na ubavuni, penye mshono, jasho.
Tone moja. Nikalifuta. Likarudi.

Akaanza kueleza, nami nikakaa juu ya ndoo,
maana hadithi ya mteja nayo ni sehemu ya kazi.

Jina lake ni jina la mto.
Babake alimwita hivyo hapahapa Unguja,
kisiwa kisicho na mlima, kina miinuko tu,
mtoto akakua na jina linalotoka mbali kuliko yeye.
Alipofika miaka hamsini na sita
akaenda kulitazama linakoanzia.

Treni, basi, basi jingine bovu zaidi, halafu miguu,
na miguu ilipogoma, kapu:
mwanamume mfupi akambeba mgongoni
kama pakacha la karafuu,
uso wa bibi ukielekea nyuma,
akaiona njia anayoiacha, asione anakokwenda.
"Nikamwomba radhi njia nzima.
Akanambia, mama, wanaoomba radhi
ndio huwa wazito."

Juu kule, hekalu dogo, rangi yake mbichi,
theluji pembeni kama chokaa iliyosahauliwa na mafundi.
Na maji mawili katika mwamba mmoja:
haya yang'atayo mifupa,
na haya yachemkayo pasi na kuni.
Akafunga mchele katika kitambaa, akautumbukiza,
akangoja, akauvuta: wali.
Bila nazi. Bila chumvi.
"Nililia, mwanangu," akasema. "Lakini haukuwa mtamu."

Wanasema mto huyo na Mauti ni tumbo moja,
na aliyeoga kwa dada
kaka humshika mkono taratibu.
Ndiyo kazi ya lota: tone mdomoni, siku ile.

Nikamwambia ukweli wa ufundi:
lehemu haishiki penye maji.
Lazima niyamimine.
Akaitazama mikono yangu. Grisi, kucha nyeusi.
"Na mimi Mwislamu, bibi," nikasema, nisije nikaharibu.
"Nimekuuliza? Nawa tu."

Nikanawa. Koki ikakohoa, ikatoa kidogo.
Nikafungua shingo, nikamimina katika glasi ya chai:
robo glasi, na chembechembe za kijani.
Hapo akageukia dirisha.

"Ya mlimani yalikauka zamani.
Lilipovuja mara ya kwanza nilikuwa peke yangu,
nikatia ya bomba. Ya Bububu.
Miaka kumi na moja sijamwambia mtu.
Hata huyo," akaionesha sanamu kwa kidevu,
"nimemwambia nusu."

Nikawasha moto.
Babu yangu alikuwa mlinzi wa chemchemi ile.
Tukimpelekea chakula alituamuru tuvue viatu
kabla hatujaikaribia,
wala hakusema kwa nini.
Nilitaka kumweleza bibi, lakini risasi ilishayeyuka
na risasi haingoji mazungumzo.

Nikaziba ubavu. Nikapuliza. Kikapoa.
Tukarudisha maji, nikaliweka lota juu ya gazeti,
tukangoja, wawili, kama watu wa hospitalini.
Gazeti halikulowa.

Unyevu uliobaki katika glasi
akaukusanya kwa kidole, akajipaka utosini,
kisha akafikiri kidogo,
akanipaka nami kwenye kiganja.

Halafu tukabishana bei.
Alitaka nimpunguzie, kwa sababu, alisema,
maji yenyewe ni ya hapahapa.