Daftari la Kinu

Ngazi ni kumi na saba, juu ya duka la vipuri.
Nilizihesabu nikishuka; nikipanda nilikuwa nahesabu neno moja:
nimedhulumiwa, nimedhulumiwa, nimedhulumiwa.

Shemeji yangu wa Dar alishanipa namba
ya wakili wake, mwenye viti vya ngozi na kiyoyozi.
Nikasema hapana. Nataka anayeijua Pasua
inavyonuka pumba alfajiri,
anayejua kwamba "kesho" ya Aminieli ni wiki ijayo.

Mama Eliakunda Makundi hakuniuliza nimelia mara ngapi.
Alisogeza rundo la mafaili, akafuta miwani kwa ncha ya kitenge,
akasema: "Karatasi."
Nikatoa.
Ukurasa mmoja wa daftari la shule, mistari kumi na mmoja,
tuliouandika juu ya kreti la soda
siku kinu kilipowasili kutoka Arusha kimefungwa kamba za katani,
shahidi wetu fundi wa kuchomelea, aliyeandika jina lake
kwa herufi kubwa, kisha akalikosea.
Faida tugawane sawa. Hasara Mungu atajua.

Hapo alisoma mara mbili.
"Huyu Mungu," akasema, "hati ya wito tutampelekea anwani gani?"
Nilicheka peke yangu.

Akanitajia ada yake bila kuzungukazunguka,
akaandika risiti kwanza,
na hasira yangu ikapungua kwa kiasi kile kile.

Aminieli anadai kinu kilisimama miezi mitatu, hakuna umeme,
kwa hiyo hakuna faida, kwa hiyo hakuna deni.
Mama akatazama dirishani, kule mlima ulikojifunika tangu Jumapili.
"Transfoma ya Pasua iliungua wiki ya Pasaka.
Siku kumi na tisa. Mimi nilikuwa nasaga huko,
nikahamia Njoro, nikapewa unga wenye mchanga."
Kwenye vitabu vyake vyekundu hilo halimo.
Nikajiona nimeshashinda. Nikaegemea kiti.

"Na wewe, Anasia," akasema, bila kuinua kalamu,
"laki nane ulizotoa kwenye simu mwezi wa Juni
uliziandika wapi?"

Feni ilizunguka. Chini mtu alikuwa akijaribu honi ya pikipiki:
haitoki, haitoki, ikatoka.
Nikasema, ada ya mtoto.
"Sikuulizi zilikokwenda. Nauliza zilikoandikwa.
Afadhali uaibike hapa, mlango umefungwa,
kuliko kule mahakamani, mawifi wamekaa benchi la mbele."

Nilikuwa nimekuja kukodi ulimi.
Nikapewa jicho, nalo likaanza na mimi.

Nilitaka kesi. Nilitaka jina la Aminieli liitwe koridoni
mara tatu, kwa sauti ya karani.
Akasema kesi itafunguliwa nikitaka, ni haki yangu,
na kinu kitafungwa kufuli
mpaka panya wapate wajukuu humo.
Akaandika barua. Kurasa mbili,
zenye adabu kiasi cha kutisha.

Alhamisi iliyofuata Aminieli alipanda zile ngazi
na kijana wake wa sheria, shingo imekabwa na tai.
Saa nne mpaka saa tisa. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine, ikapoa.
Hesabu zikapigwa nyuma ya bahasha ya kaki:
siku zake kumi na tisa, laki zangu nane,
mkanda alionunua yeye bila risiti:
tukambishia, akaapa, tukamwachia.

Mkataba mpya una kurasa nne.
Hasara ina kifungu chake, cha saba.

Tulipokwisha kutia sahihi, Mama akauchukua ule ukurasa wa daftari,
akauingiza kwenye kitoboleo, akabonyeza.
Tundu moja lilipita katikati ya "sawa".
Akaufunga ndani ya faili, akaomba faili jingine.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Tulisimama chini ya paa la vipuri,
mimi na Aminieli, kila mmoja anaangalia mfereji wake.
Muda mrefu.
Kisha akasema, kama anaiambia mvua:
"Kile kinu, upande wa kushoto, kinavuja mafuta."

"Najua," nikasema.