Hatujui Bado

Mita mia. Nasimama, naandika.
Mita mia tena.
Kipimo mkononi kinadonoa kama kuku aliyeshiba:
themanini kwa sekunde, tisini, themanini na tatu.
Ndivyo Gobi inavyohema ikiwa haina la kusema.

Mchanga huu uliogeuka jiwe ulikuwa mto.
Mto ulibeba magogo, ukayazika, ukakauka.
Baadaye, chini kwa chini, yakaja maji mengine
yenye hewa tumboni,
yamebeba urani chembe kwa chembe
kama mtu abebavyo umbeya asiojua pa kuutua,
hata yakakuta mti mfu, mweusi, katikati ya mwamba.
Hapo pumzi ikayaishia.
Hapo mzigo ukaanguka.
Ndipo tunapopatafuta: pale manjano inaposhindana na kijivu,
ufito mwembamba kama ukingo wa ukucha,
nasi juu yake tunatembea kwa buti na daftari
na pua zinazochuruzika.

Dulmaa ana ngamia arobaini na moja.
Kila asubuhi ananiuliza, kana kwamba nimepotelewa na mbuzi:
"Umempata?"
"Hatujui bado."
"Na mkijua?"

Nikanywa chai yake ya chumvi.
Ilikuwa ya moto, ina mafuta juu,
ikanisaidia kunyamaza.

Mstari wa kumi na saba unapita kisimani kwake.
Sikuuchora mimi; ulichorwa mjini, kwa rula.
Mia mbili na kumi.
Nikarudi nyuma hatua kumi: tisini na sita.
Nikasogea tena: mia mbili na kumi na nne.
Huenda ni mfinyanzi tu.
Huenda ni jiwe moja lililotoka mbali.
Namba moja si habari, hutuambia Enkhtuya kambini,
na Enkhtuya amechoronga mashimo mengi yasiyo na kitu.

Ngamia akanisukuma bega, nilikuwa nimemzibia njia.
Akainamisha shingo kwenye hori, akanywa,
maji yakimdondoka midomoni bila haraka.

Katika daftari kuna safu ya maelezo.
Watu huandika: barabara ya zamani. Mfupa. Upepo mkali.
Niliandika kisima. Nikafuta.
Nikaandika: kisima cha Dulmaa.
Fomu haiulizi jina la mtu.
Nimeliacha hivyo hivyo, wino umekwisha kukauka.

Mita mia.