Swali la Tatu

Swali la tatu, alama kumi.
*Taja ngazi za huduma za afya, ukianzia ya chini.*
Msimamizi anapita kati ya madawati, viatu vinalia kwi, kwi.
Nje, upepo wa Mtwara unaburuza mfuko wa rambo uani.

Naandika: zahanati.
Nasita.
Kwetu Newala zahanati ni mlango wa kijani
na nesi mmoja, Sista Nantende,
anayepima joto, anayezalisha, anayefagia,
anayenunua maji kwa ndoo kama sisi sote wa uwandani.
Hilo halimo kwenye kitini.

Naandika: kituo cha afya.
Pale bibi alipimwa presha mara mbili,
ya pili kwa mashine nyingine,
maana ya kwanza ilitoa namba
ambayo tabibu hakutaka kuiamini.

Hospitali ya wilaya. Ya mkoa. Ya rufaa ya kanda.
Ya taifa, ambayo kwetu tunaijua kwa jina,
kama theluji.
Kwenye kitini mishale inapanda, imenyooka, wino mweusi.
Mshale haulipi nauli.

Kipengele cha pili: *Eleza aina za bima ya afya.*
Kuna ya mtumishi, anayokatwa kabla hajauona mshahara.
Kuna ya binafsi, ya wenye kampuni na wenye uwezo.
Kuna ya jamii, kadi ya kaya:
mchango mmoja, mwaka mmoja, watu sita.

Sita.
Kalamu inagoma.

Mwaka ule mnada wa pili ulilipa.
Baba alirudi na pesa ndani ya soksi,
mwandikishaji akaja na simu yake,
akatusimamisha ukutani, kidevu juu, mmoja mmoja:
baba, mama, kaka Chilumba, mapacha.
"Imebaki nafasi moja," akasema.
Tulikuwa wawili hatujapigwa picha, bibi na mimi.

Bibi akafunga kanga yake upya.
"Mpige huyu. Mie nishaumwa vya kutosha,
yaliyobaki nitayamudu."
Tukacheka. Kwenye kadi niko hivyo hivyo hadi leo,
meno yote nje.

Ilipofika rufaa ya wilaya, dirishani wakauliza kadi.
Wakaisoma juu mpaka chini, wakaigeuza,
kana kwamba mtu wa saba huandikwa nyuma.
"Jina halimo."
Baba akaenda kwa watu wa kangomba,
akauza korosho zingali maua.
Siku nne. Kitini kinasema kiharusi kina masaa.

Hakufa. Msinihurumie kabla ya wakati.
Yuko nyumbani, anabishana na kuku,
na kanga anaifunga kwa mkono wa kushoto
na meno.

"Dakika tano," anasema msimamizi.
Kipengele cha mwisho: *Toa mfano mmoja
wa mwananchi asiyefikiwa na huduma. Alama mbili.*
Mwalimu alitufundisha tuandike
wazee, wakulima, waishio mbali.
Najua. Nimekariri.

Naandika: SOMOE BINTI NANGOMWA,
herufi kubwa, jina zima,
kama linavyoandikwa kwenye kadi.

Labda nitakosa hizo mbili.
Kwi, kwi. Viatu vinakuja kuchukua karatasi.