Sekunde ya Kumi na Mbili

Mikono yake naijua kuliko uso wake.
Kidole cha shahada, cha kushoto, kimebaki nusu,
kucha zina grisi, na nyuma yake jogoo anawika
katika nchi nisiyoijua hata jina.
Anayosema siambulii neno.
Lakini alipouinua ule waya mwekundu,
akautikisa mara mbili, akaguna,
nilimwelewa kama nilivyomwelewa marehemu baba
aliponionyesha, kimya, pa kuukata mkungu.

Huo ulikuwa mwaka wa deni.
Mashine ya kutotolesha, mayai mia na themanini,
ilizimika usiku wa kumi na tisa.
Fundi wa hapa Pasua alitaka elfu themanini
kabla hajalegeza skrubu.
Mimi nilikuwa na bando la buku
na chaji asilimia kumi na nne.
Nikatazama, nikasimamisha, nikarudisha nyuma,
tochi nimeiuma kwa meno.
Alfajiri ya pili yai likaingia ufa.
Nilimshukuru yule bwana kwa Kiswahili, kwa sauti,
mbele ya kioo cha simu.
Naye akaendelea kufuta mikono yake.

Kwa hiyo usiniambie simu ni shetani.
Mchungaji alisema hivyo Jumapili, nikakohoa.

Ila kuna na hii.

Jumanne ya masika, soko la Kiboriloni.
Mama yangu, Ndeanasia, mkungu wa mshare kichwani,
akakanyaga tope lililokuwa linamsubiri.
Miguu juu. Kitenge kikafunguka.
Ndizi zikaviringika hadi chini ya bodaboda.
Sekunde kumi na moja, zote zipo,
kijana mmoja wa kofia nyekundu kazihifadhi.
Kaongeza ngoma. Kaongeza sauti ya bata.
Halafu akamrudisha nyuma: akamwinua mama topeni
akamwangusha tena, akamwinua, akamwangusha.
Hata ardhi ilimwangusha mara moja tu.

Kufika saa mbili usiku, watazamaji laki mbili.
Aikande alipiga simu kutoka chuoni:
"Mjomba, huyu si Bibi?"

Nilifikiri kumficha. Sikuweza;
jirani alikuwa ameshacheka getini.
Mama alikuwa anamkatia mbuzi majani,
simu yake ya kitochi imening'inia shingoni kwa uzi.
"Laki mbili ni watu wangapi?"
Nikamwambia, chukua uwanja wa Ushirika,
ujaze, uumwage, ujaze tena, uumwage...
nikapotea hesabu.
Akakata majani. Akakata.
"Na katika wote hao," akasema,
"hakuna aliyeokota ndizi?"

Alikuwepo mmoja.
Bi Zubeda, muuza chumvi, aliacha meza yake wazi,
akaokota ndizi moja moja, akazifuta kwa kanga,
akamnawisha mama mguu kwa maji yake ya kunywa.
Hiyo ni sekunde ya kumi na mbili.
Haikupandishwa.

Juzi mashine imezima tena.
Saa saba usiku nikafungua simu
kumtafuta mtu wangu wa nusu kidole.
Simu inanijua: inajua ninakoishi,
inajua nakawia kulala.
Kabla sijaandika neno ikaniletea mama.
Yuko chini. Yuko juu. Yuko chini.
Bata analia.
Kidole changu kilichelewa, nakiri,
kilichelewa kidogo,
na namba pale chini ikapanda kwa mmoja.

Nilikaa gizani na joto la mayai likipungua.
Kisha nikamtafuta, nikampata.
Jogoo wake akawika.
Akauinua waya mwekundu
kana kwamba hajapata kuniona,
na kweli hajapata.